Kichwa cha Ghafla Ukiinua Mzigo

(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tuongee juu ya kuumwa na kichwa. Si kile cha jua ama cha njaa, hicho kila mtu anakijua. Ni kile kinachompata mtu ghafla akiinua kitu kizito. Nyinyi ni watu wa kuinua. Gunia la mahindi la kilo 90 linapandishwa kwa mkokoteni. Mama anabeba mtungi wa lita 20, na maji yake peke yake ni kilo 20. Na vijana wetu wamejaza simiti kwa mikebe, wakaunganisha kwa chuma, na kila jioni wananyanyua ili wapate kifua.

Sasa, mtu akiinua mzigo mara nyingi hubana pumzi. Hapo presha ya damu hupanda mara moja. Kwa watu wengine hii huleta kichwa cha kudunda, ambacho hukaa dakika chache ama hata siku mbili. Mara nyingi si hatari. Lakini mara nyingi si kila mara.

Mmeona tyubu ya baiskeli iliyochoka, vile inavimba mahali pamoja? Watu wengine wana mshipa wa damu namna hiyo ndani ya kichwa. Mtu anaweza kuishi nao miaka bila kujua. Siku moja anajikaza, mshipa unapasuka, damu inamwagika kando ya ubongo. Maumivu yake hayaanzi polepole. Ni kama kupigwa rungu kisogoni, na yanafika kilele ndani ya dakika moja.

Kwa kumtazama tu huwezi kujua ni kichwa kipi. Hata daktari huhitaji kumpima. Kwa hivyo maumivu makali ya ghafla namna hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mgonjwa ni kijana mwenye nguvu, hata kama yamepungua. Kupungua si kupona. Mshipa uliovuja unaweza kuvuja tena, hasa siku ile ya kwanza, na mara ya pili huua wengi.

Msingoje hata kidogo mkiona moja ya haya pamoja na kichwa:
– shingo imekaza, ama anatapika;
– amezirai, ama amepatwa na kifafa;
– mkono, mguu ama uso wa upande mmoja umelegea;
– maneno hayatoki sawasawa, ama anaona vitu viwili viwili;
– amechanganyikiwa, ama ana usingizi usio wa kawaida;
– ana homa kali;
– ni mama mjamzito ama aliyejifungua karibuni.

Huku kwetu tunasema, "Hiyo ni malaria, alale kidogo." Ama tunakimbia dukani kununua aspirini. Tafadhali, aspirini hapana! Huzuia damu kuganda, na kama kuna mshipa unaovuja itazidisha. Aliyezirai mlazeni kwa ubavu, msimpe chakula wala kinywaji, wala msimpakie kwa pikipiki. Tafuteni gari.

Mkifika zahanati, elezeni wazi: "Kilianza ghafla, alikuwa akiinua gunia, ilikuwa saa fulani." Maneno hayo ndiyo yatamfanya mhudumu awatume haraka kwa hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Picha hiyo huonyesha damu vizuri zaidi ndani ya saa sita za kwanza. Mkilala nyumbani mpaka asubuhi, saa hizo zimeisha.

Na hapa ndipo kikundi kinaingia. Sanduku letu la pesa lina kufuli tatu, na wenye funguo wanakaa sehemu tatu. Mtu akianguka saa mbili usiku, nani atafungua? Mimi naomba kila kikundi kikubaliane leo: pesa kidogo ya dharura ikae kwa mweka hazina bila kungoja mkutano, namba ya simu ya mwenye gari ijulikane na kila mtu, na majirani wawili wa kubaki na watoto. Andikeni kwa kitabu cha mkutano.

Kuhusu kujikinga: gunia liinuliwe na watu wawili. Piga magoti, toa pumzi unapoinua, usiibane. Vijana, anzeni na uzito mdogo mwili upate joto. Mpimwe presha, na mwenye kuvuta sigara aache, kwa sababu presha na sigara zote huharibu mishipa. Na yule ambaye kichwa kinamrudia kila akiinua, aweke mzigo chini mpaka amwone daktari.

Hakuna aibu kufika hospitali na kuambiwa ni kichwa cha kawaida. Mtarudi nyumbani mkicheka, na gunia mtalikuta pale pale.

Sasa maswali.