Kabla ya Kisu, Isomwe Damu

Msikilizaji, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akipangiwa upasuaji, ndugu huuliza kwanza: uvimbe umefika wapi? Swali hilo ni la haki. Lipo la pili, nalo aghalabu husahaulika: je, mwili wenyewe utauhimili upasuaji na kupona? Sehemu ya jibu imo kwenye damu.

Tuanze na kipimo tunachokijua, “damu ngapi?”, yaani himoglobini. Uvimbe wa utumbo huvujisha damu kidogo kidogo kwa miezi, hata mgonjwa asiione chooni. Ndiyo maana wengi hufika hospitalini damu yao imeshuka.

Kipo cha pili, albumini, protini inayotengenezwa na ini. Ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, hatari ya matatizo baada ya upasuaji hupanda. Sisi nyumbani tutakimbilia mayai na maziwa. Chakula ni muhimu, lakini njaa si sababu pekee. Mwili unaopambana na saratani huliamuru ini lipunguze albumini na kuongeza protini nyingine, iitwayo CRP. Madaktari wa Glasgow, Scotland, waliviunganisha vipimo hivyo viwili: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita huku albumini ikiwa chini ya 35, mgonjwa huwekwa katika kundi la hatari zaidi.

Baada ya upasuaji, CRP hupanda kwa kila mtu, kisha hutarajiwa kushuka. Ikiwa chini siku ya 3 au ya 4, huenda utumbo uliokatwa na kuungwa hauvuji. Ikibaki juu, haithibitishi kuvuja, ila inamtaka daktari achunguze zaidi. Kipimo hiki ni hodari wa kumwondolea mgonjwa shaka kuliko wa kumtia hatiani.

Sasa maoni yangu. Tusidhani kwamba kuipandisha namba ya damu ndiko kuiondoa hatari. Mwaka 2020, utafiti wa Uingereza uitwao PREVENTT ulichapishwa. Wagonjwa 487 wenye upungufu wa damu, waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa tumbo, waligawanywa: wengine walipewa madini ya chuma kwa dripu, wengine dripu isiyo na dawa. Himoglobini ya waliopewa chuma ilipanda, lakini kuongezewa damu na vifo havikupungua.

Basi namba mbaya isimfukuze mgonjwa mlangoni, wala isilale kwenye faili. Ibadilishe mpango: tarehe isogezwe au ibaki, utumbo uungwe siku hiyohiyo au mgonjwa awekewe mfuko wa choo kwa muda, akitoka chumba cha upasuaji alazwe wodi ya kawaida au penye uangalizi wa karibu.

Wewe unayemuuguza mzazi au ndugu, usiishie kuuliza damu ni ngapi. Muulize daktari: majibu haya yamebadilisha nini katika mpango wenu?