Paka wa Msituni, Mwanafunzi wa Ziwani: Mafunzo ya Nyanjani Ughaibuni na Faida Yake Nyumbani



Haupiti muhula bila wanafunzi wa zoolojia na wa mazingira kunijia na ombi lilelile: niwasaidie kupata nafasi ya mafunzo ya nyanjani ng'ambo, hasa kwenye msitu wa mvua, na ikiwezekana penye chui, jagwa au paka mwitu wengine. Ombi hilo ni jema, na sikuja kuwavunja moyo. Nimekuja kusema kwamba safari ya namna hiyo hupimwa kwa swali ambalo mwanafunzi ataweza kulifanyia kazi huku ziwani akisharudi. Mnyama aliyemwona ni ziada.

Msitu ulio jirani

Kutoka mjini Kisumu hadi msitu wa Kakamega ni takriban kilomita 50. Kakamega ni masalia ya mashariki ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na wageni walitambua thamani yake mapema. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza kuwafuata kima wa huko mwaka 1979, na utafiti wake umepita miongo minne. Tangu 2001 hadi 2010 mradi wa BIOTA, kwa fedha za Ujerumani, ulichunguza ndege, wadudu, miti na udongo wa msitu huo. Vijana wa vijiji vya kando walioajiriwa kuwa wasaidizi wa utafiti walijifunza kumtambua kila kima kwa sura yake, ujuzi ambao hakuna darasa linaloutoa.

Chui, hata hivyo, ametoweka. Taarifa za mwisho za kuonekana kwake Kakamega ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo adui mkubwa wa kima ni tai mwenye ushungi, na anayetaka kumwona chui kwa urahisi katika eneo letu huenda kwenye hifadhi ya swala hapa mjini, akamtazame ndani ya kizimba. Mwanafunzi anayeomba kwenda mbali kuwatafuta paka wa msituni na aanze kwa kujiuliza ni nini kilichomwondoa wa kwetu: kukatwa kwa msitu vipandevipande, kuwindwa kwa paa na wanyama wengine anaowala, au matanzi ya waya.

Droo iliyosubiri

Maswali ya wala nyama wa kwetu hayakomei msituni: upande wa Muhoroni kuna mahali paitwapo Meswa Bridge. Miongo kadhaa iliyopita watafiti walichimbua hapo mataya na meno ya mnyama mkubwa mla nyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Mifupa ilipelekwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ikawekwa kwenye droo, ikakaa humo. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens waliutangazia ulimwengu kuwa mnyama huyo ni spishi mpya na kumpa jina Simbakubwa kutokaafrika. Licha ya jina hilo hakuwa simba wala paka. Alikuwa wa ukoo mwingine wa wala nyama ambao umekwisha kabisa. Makadirio ya juu ya uzito wake yanafika kilo 1,500.

Watafiti hao wawili siwalaumu hata kidogo, kwani walifanya kazi yao vizuri. Ninachouliza ni hiki: katika miaka yote hiyo, kwa nini hakutokea mwanafunzi wa Nyanza aliyefunzwa kusoma meno ya wala nyama, akapanda basi hadi Nairobi na kuomba kufunguliwa droo? Ujuzi wa aina hiyo hupatikana kwa kukaa miezi kadhaa karibu na bingwa, na mara nyingi bingwa huyo yuko ng'ambo. Ndiyo maana nasema nendeni.

Kazi yenyewe

Lakini nendeni mkijua kazi ilivyo. Paka wa dhahabu wa Afrika, mwenye uzito wa kati ya kilo 5 na 16, huishi katika misitu ya ikweta, na unaweza kufanya kazi msituni mwake miaka mingi usimwone kwa macho. Anayemwona ni kamera ya kutega. Hufungwa kwenye shina la mti, kwenye kimo cha goti, ikielekea mapito ya wanyama. Joto la mwili likipita mbele yake, inapiga picha. Mwanafunzi wa mafunzo hupanda mlima kwenye matope na siafu, akabadilisha betri na kadi, akaandika tarehe na mahali, akashuka. Jioni huketi kuchambua picha, nyingi zikiwa za paa, nguruwe mwitu na majani yaliyotikisika.

Thamani yake iko kwenye hesabu. Chui hutambulika kwa madoa yake, mmoja hadi mwingine. Kwa kulinganisha waliopigwa picha mara moja na waliorudiwa, mtafiti hukadiria idadi yao bila kumgusa hata mmoja. Kwa paka wa dhahabu kazi ni ngumu zaidi, maana wapo wekundu na wa kijivu, na wengine ubavuni hawana madoa ya kuonekana. Subira na takwimu ndizo mtakazorudi nazo, na zote mbili zitafaa kwa mnyama yeyote mtakayemchunguza baadaye.

Ughaibuni ni wapi?

Wengi wakisikia ng'ambo hufikiria Costa Rica au Borneo. Mimi naanza na mpaka wa Busia. Tangu 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa tu. Ng'ambo ya mpaka huo kuna Kibale, penye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere, na kuna Bwindi, ambako Chuo Kikuu cha Mbarara kina taasisi ya uhifadhi wa misitu ya tropiki pale Ruhija. Ni huko Bwindi Mganda Badru Mugerwa alikoshughulika na kamera za kutega, akavutwa na paka wa dhahabu, kisha akaenda Berlin kwa utafiti zaidi katika Taasisi ya Leibniz. Shirika lake la Embaka hushughulika na jamii za kando ya msitu, likitoa huduma ya meno na nguruwe wa kufuga kwa familia zinazoacha kutega wanyama. Ujuzi wa Berlin ulirudi mlimani kwao. Huo ndio mfano ninaoutaka.

Chama cha Tropical Biology Association nacho huendesha kozi za mwezi mmoja Kibale, na Amani nchini Tanzania, Waafrika na Wazungu wakisoma pamoja. Kwa waliokwisha kuanza kazi, kitengo cha WildCRU cha Oxford kimekuwa na stashahada ya uzamili kwa wahifadhi kutoka nchi kama yetu.

Jihadharini na wanaouza ndoto. Kusini mwa Afrika yamekuwapo makampuni yanayomtoza kijana maelfu ya dola ili alee na kupakata watoto wa simba. Simba aliyezoea mikono ya watu harudi porini, na wengine huishia kuuzwa kwa wawindaji. Kigezo ni chepesi: mradi unaokuahidi kumshika paka sio wa kuhifadhi paka.

Kurudi

Tom Mboya wa Rusinga alipopanga safari za ndege za kuwapeleka wanafunzi Marekani mwaka 1959, 81 wa kwanza walikwenda wakijua nchi changa inawasubiri. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka uliofuata kusoma biolojia, alirudi akaifanya elimu hiyo kazi ya miti na ya wanawake wa vijijini. Wanafunzi wangu nao wanasubiriwa. Mondo, paka mwitu mwenye madoa, yuko katika hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe. Je, ni wangapi, na wanapita wapi mashamba yakizidi kuizunguka hifadhi? Katika mafunjo ya Yala, ni paka gani wanaowinda usiku? Wakulima wa mpunga hupoteza nafaka kwa panya. Mondo, mwindaji hodari wa panya, anawapunguzia hasara kiasi gani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka mingi tumekuwa wenyeji wa watafiti bila kuuliza tumepona kwa kiasi gani. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi anayefadhiliwa kwenda nyanjani ng'ambo aandike kabla ya kuondoka swali moja la Kisumu, Siaya au Homa Bay atakalolirudia. Pili, vyuo vya ukanda wetu vishirikiane kufungua kituo kimoja cha nyanjani kando ya ziwa, chenye kamera, vitanda na msimamizi, kitakachowapokea pia wanafunzi wa Mbarara, Morogoro na Kisangani. Kamera za kutega zipatazo ishirini zatosha kuanzia, na wavuvi na wakulima wanaojua mapito ya wanyama tunao tayari. Bajeti ijayo ya kitivo ndiyo itakayoonyesha kama tumekubaliana.