Jiko la Nyumbani ni Haki ya Familia



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Nasaha yetu ni juu ya chakula. Huenda mtu akauliza, mimbari ina uhusiano gani na sufuria? Jawabu ni kuwa Uislamu ni mfumo kamili wa maisha. Katika Suratul-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vizuri. Sifa ni mbili, si moja. Sisi huuliza kama kuku amechinjwa kisheria, na hilo ni wajibu, lakini twasahau kuuliza kama chakula chenyewe chaufaa mwili.

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya Lindi na Mtwara hayasubiri tena kivuko cha Mto Rufiji, na barabara hii imechangamka. Hapa Kibiti, kama katika miji mingi ya njiani, vibanda vya chipsi havikosekani. Hatusemi kuwa biashara hiyo ni haramu. Wauzaji wanatafuta riziki, na msafiri hana jiko. Tunayemnasihi ni mkazi mwenye familia aliyefanya chipsi mayai na soda kuwa chakula chake cha kila jioni.

Tupige hesabu. Tuseme baba anatumia shilingi 3,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi. Hizo ni shilingi 78,000, zote zimeingia tumbo moja, ilhali nyumbani watoto wanakula ugali kwa mchuzi mtupu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa na dhambi kumzuilia chakula yule ambaye riziki yake iko mikononi mwake. Basi jambo hili si la ladha tu, ni la haki ya watu.

Na huyo baba naye hasalimiki. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huharibika. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Soda nayo ni sukari tupu.

Ndugu Waislamu, tazameni neema tuliyopewa. Mto na maziwa yake yana perege na kambale; delta ina samaki na kamba; mabonde yana mpunga; minazi ipo, mihogo ipo, kunde na mbaazi zipo. Samaki wa kuchemsha kwa nyanya, ndimu na tui jepesi, pamoja na matembele na wali wa kiasi, ni mlo wa nyumba nzima. Kunde zikilowekwa usiku huiva upesi na kuokoa mkaa. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, kwa kuwa jani bichi la muhogo lina sumu.

Lakini tusiwatwishe wake zetu mzigo huu peke yao. Mwanamke aliyeshinda akipalilia mpunga naye amechoka. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia ahali zake nyumbani. Nani kati yetu ni mtukufu kuliko yeye? Mwanamume na anunue samaki mapema, achote maji, apasue kuni, akune nazi. Kisha aketi ale pamoja na wanawe, bila israfu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, na atujaalie kuwa wachunga wema wa familia zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.