Nani Ametengeneza Jicho la Kamera Yako?



Juma hili naanza na barua. Msikilizaji wetu mmoja aliyeko Maskati, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi, anakusudia kununua kamera mpya. Muuza duka amemhakikishia kwamba kihisi kilichomo ndani yake kimetengenezwa na Sony. Rafiki yake, mpiga picha mwenzake, anaapa kuwa si kweli. Kijitabu cha maelezo nacho hakisemi lolote. Anauliza: nimwamini nani, na je, jambo lenyewe lina uzito wowote?

Kwanza tukumbushane kihisi ni kitu gani. Ni kibamba chembamba cha silikoni kikaacho nyuma ya lenzi, mahali palipokuwa pa filamu hapo zamani. Juu yake zimepangwa mamilioni ya nukta ziitwazo pikseli. Mwanga unapoiangukia nukta, huzalisha chaji ya umeme. Mwanga ukizidi, na chaji huzidi. Ni kama vyombo vilivyopangwa uani kukinga mvua: mvua ikikatika, unapima maji ya kila chombo na kujua ni wapi imenyesha sana na wapi imenyesha kidogo. Waliobuni kihisi cha aina ya CCD mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Maabara za Bell nchini Marekani, walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Kiwanda cha kutengeneza kibamba hicho kinahitaji mtaji mkubwa mno, na ndiyo maana wenye viwanda hivyo ni wachache. Canon ni mfano wa kampuni inayojitengenezea vihisi vya kamera zake kubwa. Kampuni nyingine nyingi hununua au huagiza, na aghalabu hazimtaji aliyewauzia. Hapo ndipo ubashiri unapozaliwa.

Chukua mfano wa Nikon D5200, iliyotangazwa Novemba 2012 ikiwa na pikseli milioni 24. Wengi walisema bila kusita kwamba kihisi ni cha Sony. Hoja yao haikuwa dhaifu: Sony ilikwisha kuiuzia Nikon vihisi kwa miaka mingi, na tayari ilikuwa na kihisi chake chenye pikseli milioni 24. Lakini mapema mwaka 2013 wataalamu wa kampuni ya Chipworks ya Ottawa, Kanada, ambao kazi yao ni kufumua vifaa vya elektroniki na kuvichunguza kwa hadubini, waliifungua kamera hiyo. Walichokikuta ndani ni kihisi cha Toshiba. Wabashiri, pamoja na hoja zao zote, walikuwa wamekosea.

Kwa nini basi siri yote hii? Sababu moja ni ushindani. Tangu mwaka 2006, iliporithi shughuli za kamera za Konica Minolta, Sony imekuwa ikiuza kamera za kubadili lenzi zinazoshindana na za wateja wake hao hao. Hakuna mfanyabiashara anayependa kutangaza kwamba jicho la bidhaa yake limetoka kwa mpinzani wake.

Sababu ya pili ni kwamba neno "kutengeneza" lenyewe lina utata. Msikilizaji wetu wa Maskati atanielewa nikimpa mfano wa dishdasha. Kitambaa kizuri huenda kimefumwa Japani, lakini mkato, mshono na kola ni vya fundi wa Maskati. Je, dishdasha hiyo ni ya nani? Nikon, kwa mfano, ina wahandisi wake wanaosanifu vihisi, kisha kazi ya kiwandani hufanywa na wengine. Anayesema kihisi ni cha Nikon na anayesema ni cha mwenye kiwanda wanaweza wote wawili kuwa wakweli.

Aidha, kihisi kimoja hakizai picha za namna moja. Mwaka 2010 Nikon D7000, Pentax K-5 na Sony A55 zilitumia vihisi vya asili moja vya Sony, vyenye pikseli milioni 16. Hata hivyo A55 ilikuwa na kioo kisichosogea, kilichopitisha sehemu ya mwanga na kuielekeza sehemu nyingine pembeni. Hivyo kamera ya Sony yenyewe ndiyo iliyokipa kihisi cha Sony mwanga mchache kuliko wapinzani wake.

Je, tuseme basi kwamba swali la msikilizaji wetu halina maana? La hasha. Maana yake ni kubwa, ila si pale anapoitafuta muuza duka.

Mwishoni mwa mwaka 2015 Toshiba, iliyokuwa imetikiswa na kashfa ya hesabu zake za fedha, ilikubali kuiuzia Sony mitambo yake ya vihisi iliyoko Oita, kisiwani Kyushu, kwa yen bilioni 19. Mlango mmoja wa soko ukafungwa. Aprili 2016 tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Kumamoto, katika kisiwa hicho hicho. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, tukiwahesabu na waliofariki baadaye kutokana na athari zake. Kiwanda cha vihisi cha Sony kilichoko huko kilisimama, na ilichukua miezi kadhaa uzalishaji kurejea kikamilifu. Kampuni ambazo majina yao yalionekana dukani kuwa mahasimu zilijikuta zikisubiri habari kutoka mji mmoja.

Na jambo hili haliishii kwa wenye kamera. Desemba 2022 mkuu wa Apple, Tim Cook, alizuru Kumamoto na kueleza hadharani kwamba kampuni yake imeshirikiana na Sony kwa zaidi ya miaka kumi katika vihisi vya simu za iPhone. Kilichokuwa kikibashiriwa kwa miaka kikasemwa na mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Maskati, muuza duka na rafiki yako, hakuna kati yao aliyekifungua kihisi akakitazama kwa hadubini. Usilipie neno lao. Iombe kamera hiyo, piga nayo picha ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, kama ule utakaomkuta bibi harusi, kisha zitazame picha hizo kwa utulivu. Uliza bei ya lenzi, na uliza nani ataitengeneza ikiharibika. Jina la mwenye kiwanda ni habari njema kuijua, lakini wateja wako watakuja kuziangalia picha.