Breki, Mlima na Majina ya Babu Zetu

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa kanisa, Mwatate)

 

Nimeombwa niseme juu ya baiskeli. Najua kuna wanaojiuliza, baiskeli na maendeleo ya vikundi ni wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Kikundi kimoja cha vijana wetu kina baiskeli sita. Wanataka kuanza kazi ya kutembeza wageni. Siku ya kwanza watoke Voi, wapitie hapa Mwatate, wapande Wundanyi. Siku ya pili wateremke, waelekee Maktau na Taveta kuona mahali palipopiganwa vita vya 1914 hadi 1918. Wameomba mkopo katika mfuko wa vikundi vyote, na leo jioni mtapiga kura. Njia hiyo mimi nimeiendesha mara nyingi, na nimekosea ndani yake mara mbili. Nimekuja kuwaambia hayo makosa, ili vijana wasiyarudie kwa pesa zenu.

Kwanza, njia yenyewe. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria ni mita 2,208. Kutoka Voi hadi hapa ni kama kilomita 25, barabara inapanda pole pole, hata huoni kama unapanda, isipokuwa magoti yanakuambia. Unapita mkonge, jua ni kali, upepo uko usoni. Halafu kutoka hapa hadi Wundanyi ni kama kilomita 15, na hapo ndipo mlima unasema jina lake. Kona baada ya kona. Anayeanza kwa mbio hafiki. Anayeendesha Black Mamba isiyo na gia, akifika mahali pakali ashuke asukume, si aibu. Mama zetu wanapanda hapo na mizigo ya ndizi mgongoni, hakuna anayewacheka.

Maji ni lazima. Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Na upande wa Maktau, jua likianza kuzama mtu asiwe barabarani kwa baiskeli. Ndovu hana breki wala hapigi kengele.

Sasa nije kwa kosa langu la kwanza. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoua. Siku moja nilikuwa na mgeni, tunateremka kutoka Wundanyi. Asubuhi yake nilikuwa nimeona raba za breki za baiskeli yake zimekwisha, chuma kinakaribia kugusa rimu. Nikasema moyoni, "Ah, tutabadilisha tukifika chini." Raba za breki ni kitu cha bei ndogo sana, jamani! Kona ya tatu breki ikakataa. Yule mgeni alikuwa na akili, akaielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa juu, asiende bondeni. Akavunjika mkono. Tukalipa hospitali kwa pesa ya kikundi, na miezi mingi hakuna aliyeniuliza habari ya wageni tena.

Kwa hiyo vijana, sikieni. Usishike breki moja mfululizo kutoka juu hadi chini. Inapata moto, raba inalika, mwishowe haishiki. Bana, achilia, bana, achilia. Tumia zote mbili, ukianza na ya nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Mvua ikinyesha, rimu zikilowa, breki inachelewa kushika, basi anza kubana mapema zaidi. Na jambo kubwa ni hili: baiskeli ikaguliwe kila asubuhi na mtu mwingine, si yule atakayeiendesha. Mwenyewe ana haraka. Mwenyewe hujisamehe.

Kosa la pili halikuvunja mkono wa mtu, lakini liliniuma zaidi. Mnajua kwamba zamani watu wetu walizika mzee, na baada ya muda wakatoa fuvu lake wakaliweka pangoni pamoja na ya wazee wengine. Kulikuwa na mgeni aliyetaka sana kuona. Mimi najua mahali, nikampeleka. Sikumwuliza mtu. Akapiga picha. Tulipokuwa tunatoka, mzee mmoja alikuwa amesimama njiani na fimbo yake. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Mwanangu, ungeingiza mgeni katika chumba cha baba yako bila kubisha hodi?" Nikakosa la kusema.

Wengine hapa mtasema, sisi ni Wakristo, mambo ya mapango yalikwisha tangu wamishenari waje, tangu Wray alipofika Sagalla mwaka 1883. Sawa, hatuabudu mafuvu. Lakini hayo ni mabaki ya watu, na wana wajukuu, pengine wajukuu wenyewe mko katika ukumbi huu. Mahali pa namna hiyo si pa kuuzwa na kijana mwenye baiskeli. Wazee wa ukoo wakisema hapana, ni hapana. Wakisema ndiyo, waseme pia ni kwa masharti gani.

Sasa nifike Maktau. Mnajua reli ya Voi kwenda Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Wajerumani walikuwa wameshika Taveta tangu Agosti 1914, na walikuwa wakituma watu kuja kulipua reli ya Mombasa. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, pamoja na askari kutoka Afrika Kusini, lilishambulia kilima cha Salaita likashindwa. Mwezi uliofuata ndipo Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Makaburi ya wanajeshi yako Voi, yako Maktau, yako Taveta. Yametunzwa vizuri, mawe yamepangwa, majina yameandikwa.

Nilimpeleka mgeni hapo Maktau. Akasoma majina pole pole, mengi ya askari waliotoka India. Halafu akaniuliza, "Na watu wa hapa walizikwa wapi?"

Jamani, niliwaza kaka yake nyanya yangu. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Wapagazi walibeba chakula na risasi kichwani kutoka hapa hadi ndani sana ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Walikufa wengi, na zaidi walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam linatokana na kikosi chao. Na watu wa Kasigau? Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha wote, wake kwa waume na watoto, hadi Malindi. Wengi walifia huko. Miaka mingi ilipita kabla ya waliobaki kurudi kwao.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali kwamba watu si chini ya 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mungu anawajua. Lakini sisi je? Waliowaona kwa macho wamekwisha. Waliosimuliwa na hao walioona ndio wazee wetu wa leo, na kila mwaka tunawazika.

Hii ndiyo sababu nimekubali kusema leo. Mgeni akija kuona mawe ya Maktau, kijana wetu atamwambia nini? Atasoma majina ya wageni na kunyamaza juu ya babu zake?

Kura ni yenu. Mimi nashauri mkopo utolewe kwa masharti matatu. Moja, sehemu ya kila malipo iwekwe kando kwa breki, taya na matibabu kabla ya mtu kugawana chochote. Tuseme mgeni akilipa shilingi 1,000, shilingi 200 ziingie hapo, na mweka hazina asiwe mwendeshaji. Mbili, pasiwe na pango wala kaburi la ukoo linaloonyeshwa bila wazee kukubali. Tatu, kijana asiongoze wageni mpaka ameketi na wazee wa kwao na kalamu na daftari, akaandika jina la kila mtu wa ukoo aliyechukuliwa vitani, kijiji chake, na kama alirudi. Daftari likae kanisani, likumbukwe katika ibada.

Mimi nimekwisha anza. Ukurasa wa kwanza una jina moja tu.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chenu, ni chombo gani (baiskeli, mashine, jembe la ng'ombe) ambacho kila mtu anatumia lakini hakuna anayekikagua? Nani apewe kazi hiyo?

2. Je, kuna mahali pa kale katika kijiji chenu? Ni nani mwenye haki ya kusema mgeni aingie au asiingie?

3. Ni mzee gani kwenu anayejua majina ya waliopelekwa vitani na hawakurudi? Nani atamtembelea wiki hii?