Kazi za Fedha Ziko Hapa Mpakani



Mwanafunzi wa biashara asidhani kazi ya fedha ni kaunta ya benki Nairobi pekee. Tazameni Malaba na Busia: lori la mizigo halivuki bila hati za forodha na bima. Aliyesomea bima auze Kadi ya Njano ya COMESA. Wa uhasibu amalize CPA ya KASNEB, atunze hesabu za sacco. Wa ugavi asomee uwakala wa forodha. Anayetaka kubadilisha shilingi za Kenya na Uganda atafute kazi katika duka lenye leseni ya Benki Kuu. Barabarani, noti bandia humaliza mtaji kwa siku moja.

Vijana, diploma pekee haitoshi. Ongezeni cheti cha taaluma.