Damu isiyo ya mwezi, usiifiche



Pengine wewe uliyekaa hapa na mtoto mgongoni, unangoja apimwe kilo, umeona alama ya damu ndani ya nguo, na siku zako za mwezi bado kufika. Hujamwambia mtu. Unasema moyoni: ni kidogo tu, itakauka. Juu ya hiyo «kidogo tu» nataka tuseme leo.

Uchache wa damu hauonyeshi uchache wa hatari. Kuna matone ya siku nyingi yasiyo na neno, na kuna tone moja linalotaka munganga leo leo. Tunauliza kwanza: imetoka wakati gani, na kwa nani?

Msichana aliyeanza kwenda mwezini mwaka huu, siku zake zinarukaruka. Mama aliyepata sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, ao kijiti cha mkononi, anaweza kuona matone matone, zaidi miezi ya kwanza. Hayo hayaharibu kizazi, hata watu waseme nini sokoni. Aseme siku yake ya kliniki. Hata mtoto mchanga mwanamke anaweza kuonyesha damu kidogo katika juma la kwanza, kwa sababu homoni za mama yake zinamwisha mwilini. Usiogope.

Lakini mimba ni habari ingine. Kwa shule yetu ya uuguzi tunawaambia wanafunzi: kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayetoka damu, mumhesabu kuwa na mimba mpaka kipimo kikatae.

Mama amekosa mwezi wake. Karibu na juma la 6 ao la 8 anaona damu kidogo, nyeusi-nyeusi, na tumbo linamuma upande mmoja. Pengine mimba imeshika inje ya kizazi, ndani ya mrija mdogo. Ule mrija hauwezi kutanuka sawa na kizazi, unapasuka. Inje ni matone, ndani ya tumbo damu inajaa. Kizunguzungu, jasho la baridi, kuzimia, maumivu yanayopanda mpaka begani: huyo anataka kupasuliwa siku ile ile. Hakuna majani yanayofunga mrija uliopasuka.

Na nyuma ya mwezi wa saba? Mama amelala vizuri, anaamka, kikwembe kimelowa damu nyekundu. Hakuna maumivu. Kwa kuwa haumwi, anachukua jembe anakwenda shambani. Pengine kondo la mtoto limekaa chini, pale mlangoni. Damu ya kwanza inaweza kusimama yenyewe, na ya pili inaweza kuja kama maji. Mtu yeyote asimwingize kidole mbele ya ekografi kuonyesha kondo liko wapi. Mkatae, hata kama mwenye kidole amevaa koti jeupe.

Ninajua njia zetu. Toka vijiji vya Kasaji, mvua ikianza mwezi wa kumi, hata kinga inashindwa na matope. Na bwana yuko Kolwezi, anachimba. Wanasema tungoje arudi atoe feza na ruhusa. Damu haingoji. Mupatane sasa, mbele ya tumbo kuwa kubwa: nani atamsukuma mama kwa kinga, nani atabaki na watoto, feza kidogo imewekwa wapi. Bwana akubali mapema.

Nkambo ambaye mwezi wake umekatika mwaka mzima, kisha anaona damu tena, asifurahi kwamba ujana umerudi. Wengi wanacheka hapo, na mimi ninacheka nao, lakini lile tone linaweza kuwa alama ya kansa ya kizazi. Aje juma hili hili. Vile vile mama anayetoka damu kila mara akikutana na bwana wake: lazima atazamwe mlango wa kizazi. Kansa ya mlango ikikutwa mapema inatibika. Tena kuanzia miaka 30 mama anaweza kupimwa hata kama hana damu yoyote. Muuguzi anapaka vinegre pale, na pahali pabaya panageuka peupe.

Sisi tunaolowesha mihogo mtoni na kusimama majini tukifua, tukumbuke bilarzia. Inaleta damu katika mkojo, na mayai yake yanaweza kuumiza hata njia ya uzazi. Siyo ugonjwa wa uasherati. Vidonge vyake viko.

Ukija, usitie chumvi, majani wala sabuni ndani. Leta fishi yako, na siku ya kwanza ya mwezi wako wa mwisho. Asiyejua kuandika akate alama mlangoni. Vitambaa vilivyolowa usivifue. Vifunge katika mfuko, uvilete, maana kwa hivyo tunajua ni damu ngapi umepoteza.